Karani Asiyesomeka

Mashine ilimkataa karani wa masjala saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, mbele ya watu ishirini na wawili waliokuwa kwenye foleni nyuma yake. Ilikuwa mashine ndogo, haizidi kipande cha sabuni ya kufulia, imeunganishwa kwa waya na kompyuta ya fundi aliyetumwa kutoka makao makuu. Kila mtumishi aliweka dole gumba, taa ikawaka kijani, fundi akasema "anayefuata". Kwa karani iliwaka nyekundu.

Fundi akamwambia afute kidole. Akafuta. Akamwambia akipumulie kipate unyevu. Akakipumulia. Akamwambia akipitishe kwenye paji la uso kipate mafuta kidogo, naye akakipitisha, foleni nzima ikimwangalia kama anayepekua mkoba akitafuta ufunguo wa nyumba isiyo yake. Walijaribu vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine. Mwishowe fundi aliushika mkono wake akaugeuza juu chini. Vidole havikuweza kufunga ngumi wala kunyooka sawasawa, na ngozi yake ilikuwa imekaza inang'aa, kama mto ulioshindiliwa sufi kupita kiasi.

"Mama, huna alama," alisema fundi.

"Nilipoajiriwa nilikuja nazo," karani alijibu.

"Basi zimekwisha."

Watu wakacheka. Dereva wa ofisi akasema zimeliwa na mafaili, miaka kumi na tisa si mchezo. Karani naye akacheka, maana anayechekwa asipocheka huonekana ana hatia.

Afisa utumishi alikuwa amesimama pembeni na orodha mkononi, suruali imepigwa pasi hadi mkunjo wake ulitisha. Kwa umri angeweza kuwa mdogo wa mwisho wa karani. Siku aliporipoti kazini, miaka sita nyuma, karani ndiye aliyemwonyesha choo kilipo na kumwonya juu ya kiti chenye mguu mbovu. Sasa alimvuta kando na kuongea kwa sauti ya chini. Waraka wa uhakiki wa watumishi, alisema, ulikuwa wazi. Asiyehakikiwa hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi angehesabiwa mfanyakazi hewa. Angefutwa kwenye orodha, na kadi yake ya bima ya matibabu ingefungwa siku hiyo hiyo.

"Mimi nakujua, mama," alisema. "Mfumo ndio haukujui."

Karani akauliza afanye nini kwa sasa. Afisa alifikiri kidogo, akasema aendelee na kazi kama kawaida.

*

Saa nane mchana dokezo likaletwa masjala: lifunguliwe faili jipya, Watumishi Wasiohakikiwa. Karani alichukua jalada tupu kutoka rafu ya chini, akaliandika namba, akaliingiza kwenye rejista. Kalamu yake alikuwa ameizungushia kitambaa hadi ikanenepa kama gunzi la mahindi, maana kalamu nyembamba ilikuwa haishikiki tena. Karatasi ya kwanza ya kuweka ndani ilikuwa orodha ya majina. Jina lilikuwa moja. Aliitoboa karatasi mahali pa kutoboa, akaifunga jaladani kwa uzi, jambo lililomchukua karibu robo saa, akalipeleka faili mwenyewe kwa afisa utumishi kama utaratibu unavyotaka.

Afisa akasaini kupokea. "Umeliona?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nimeliandika," alisema karani.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe, na mama mkwe. Mume alikuwa fundi mihuri, ana kibanda kando ya ukuta wa mahakama, anachonga raba za ofisi, za makanisa, za misikiti, za vyama vya kukopeshana. Kijana wao mmoja alikuwa shule ya bweni na hakuambiwa kitu. Mama mkwe aliisikiliza habari ya mashine hadi mwisho, akasema mkono usiosomeka ni mkono usiofanya kazi. Kisha akautazama ule mkono vizuri, na hakurudia tena maneno hayo.

Mume aliuliza kwa nini hajaenda hospitali siku zote hizi. Karani akasema alidhani ni sabuni. Ukweli ni kwamba tangu mvua za mwaka juzi vidole vilikuwa vikigeuka vyeupe kila akigusa maji ya baridi, halafu bluu, halafu vyekundu, na alikuwa ameshazoea kuvificha ndani ya mikono ya sweta kama mtu anayeficha barua ya deni. Alijua ofisi inavyowatazama wagonjwa. Mafaili yao yote yalikuwa yamepita mikononi mwake.

*

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mfupi, anayeuliza huku anaandika. Alijaribu kuifinya ngozi ya nyuma ya kiganja, haikufinyika. Akauliza kama anaishiwa pumzi akipanda ngazi. Karani akasema masjala iko chini. Daktari akasema hilo si jibu. Akamwambia avue viatu, akavikagua vidole vya miguu kwa taa, kimoja kimoja. "Vya baridi, lakini ngozi bado laini. Ugonjwa haujafika miguuni." Akamtoa damu, akampeleka kupuliza kwenye mpira wa kupimia mapafu, akamwambia arudi baada ya siku nane.

Siku ya nane karani alienda na mumewe. Daktari alitaja jina la ugonjwa, refu kama jina la wizara, akaliandika kwenye karatasi. Ngozi kukakamaa, alisema, ndiyo maana yake, ingawa haukai kwenye ngozi tu.

"Kwenye damu kuna seli nyeupe," alisema. "Kazi yake ni kutambua. Huyu wa mwilini, huyu mgeni. Mgeni anashambuliwa, mwenyeji anaachwa."

"Zina orodha?" aliuliza karani.

"Tuseme zinayo."

"Na mimi simo."

Daktari akaacha kuandika. "Umo. Zimekuandika upande wa wageni."

Akaeleza, polepole, akichora viduara nyuma ya fomu. Kuna kundi linaloitwa seli T. Hilo ndilo linalopiga mbiu. Kuna kundi jingine, seli B. Hilo hutengeneza kingamwili, zile za kukamata vijidudu, na kwake zimekamata vitu vya mwili wake mwenyewe. Na katika kelele hizo zote, seli nyingine ambazo hazina kosa, kazi yake kushona ngozi ikichanika, hudhani kuna jeraha kubwa mahali fulani. Basi zinatoa nyuzi. Zinatoa mchana na usiku, kuziba jeraha ambalo halipo. Nyuzi zikirundikana, ngozi inakuwa nene, inakaza, mistari ya vidole inafutika.

Karani akauliza nani alitoa amri ya kwanza. Daktari akasema haijulikani.

"Hata nyinyi?"

"Hata sisi."

Karani hakuona ajabu. Alikuwa amefanya kazi serikalini miaka kumi na tisa, na amri zisizo na sahihi ndizo alizoziona zikitekelezwa kwa bidii kuliko zote.

Mume ndiye aliyeuliza juu ya mapafu. Daktari akasema kipimo kimeonyesha mwanzo, mwanzo tu. Kuna dawa za kuzituliza hizo seli, zinamezwa kwa miaka, kwa kupima damu kila mara, kwa sababu seli zikitulia sana hata mafua yanaweza kuwa kesi. Vidole vinaweza kulainika, vinaweza visilainike. Cha kuogopa si vidole.

"Na bila dawa?" aliuliza mume.

"Bila dawa, hata hapo masjala ya chini mtaona ngazi ni nyingi."

Wakatoka na dawa za mwezi mmoja, zilizolipiwa na kadi, na barua yenye muhuri wa hospitali. Mume aliutazama ule muhuri njia nzima. Akasema umechongwa vibaya, herufi mbili zimeinama.

Mama mkwe alipoelezwa habari za seli, alisema wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Karani akamwambia hiki kimevuka nguo, mama, kiko kwenye ngozi yenyewe.

*

Afisa utumishi aliipokea barua ya daktari kwa ncha za vidole viwili.

"Inaambukiza?"

"Hapana," alisema karani. "Seli zangu zina ugomvi na mimi. Wewe hazikujui."

Afisa akaiweka barua mezani, akaisoma mara mbili. Ilikuwa barua nzuri, alisema, imejitosheleza. Ila barua peke yake haiwezi kwenda mbele. Lazima iambatane na fomu ya rufaa. Akafungua droo akampa fomu. Karani alianza kuisoma pale pale akiwa amesimama, kwa mazoea. Jina kamili. Namba ya ajira. Maelezo ya mlalamikaji, yasizidi mistari sita. Na chini kabisa, ndani ya kisanduku: alama ya dole gumba la mlalamikaji, fomu isiyo na alama haitapokelewa.

Alimwonyesha afisa kile kisanduku. Afisa akakitazama muda mrefu. Akasema atauliza juu. Ilikuwa Jumanne, na Ijumaa ya mwisho ilikuwa Ijumaa hiyo.

Siku mbili hizo habari zilishaenea kwenye korido. Dereva, ambaye kila asubuhi alikuwa akipita masjala kuomba pini na kukaa nusu saa, akaanza kuomba pini kwingine. Mhasibu aliyekuwa akimpa mkono sasa alimpungia. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia vizuri kabisa, kwa mbali, kama watu wanavyosalimia jirani anayehama.

Alhamisi jioni mume alirudi na kitu kimefungwa kwenye karatasi. Walikuwa wamekaa kula. Alikifungua kando ya sahani yake: kifuniko kidogo cha raba, chembamba kama ganda la yai, chenye umbo la ncha ya dole gumba. Juu yake kulikuwa na mistari. Alikuwa ameitoa kwenye mkataba wa kupanga nyumba hii, wa miaka kumi na moja nyuma, ambapo karani aliweka dole pamoja na sahihi. Kazi ilimchukua siku mbili. Hakutaja kwamba kwa miaka yote ya kibanda chake alijivunia kutomchongea mtu muhuri bila barua ya idhini.

Karani alikivaa. Kilikaa sawasawa. Akakisogeza karibu na taa, akaiona ile mistari inavyozunguka na ule mkato mdogo upande wa kushoto, alama ya kisu cha utotoni. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuwa na mkato huo.

"Nini hicho?" aliuliza mama mkwe.

Mume akamweleza. Mama mkwe akanyoosha mkono, karani akakivua akampa. Yule mama akakichunguza, akakisifu, akachukua kisu cha kukatia vitunguu akakikata vipande vinne juu ya meza.

"Mkeo akiumwa nitamuuguza," alimwambia mwanawe. "Wewe ukifungwa, nani atakuja kukutazama? Mimi na miguu hii, au yeye na mikono ile?"

Mume alivikusanya vile vipande akavirudisha kwenye karatasi. Baadaye, wakati wa kuosha vyombo, kazi ambayo sasa aliifanya mume, karani alimwambia kwamba mistari ilikuwa mizuri sana. Akasema hata yeye aliona hivyo.

*

Kamati ya uhakiki ilikaa Ijumaa kwenye chumba cha mikutano: mwenyekiti, ambaye alikuwa mama mwenye miwani aliyetoka makao makuu, kisha mhasibu, na fundi wa mashine na mashine yake. Afisa utumishi alikaa pembeni kuandika. Karani aliingia wa mwisho, akakaa kwenye kiti chenye mguu mbovu, maana ndicho kilichobaki, na alijua kukikalia.

Mwenyekiti alikuwa na haraka lakini hakuwa mkali. Akasema kamati haina sababu ya kumtilia shaka, ila kamati inafanya kazi kwa waraka. Akaomba ajaribu mashine mara ya mwisho. Taa ikawaka nyekundu mara kumi. Mwenyekiti akasema amesikitika.

Karani akaomba aonyeshwe waraka. Wote wakatazamana. Mwenyekiti akamsukumia nakala, naye akaifungua ukurasa wa tatu kwa upande wa kiganja, kwa sababu vidole vilikuwa haviwezi kuchambua karatasi. Alikuwa ameingiza waraka huo kwenye rejista yeye mwenyewe na alikuwa ameusoma, kama alivyosoma kila kitu kilichopita pale. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa kukosa usingizi, aliukumbuka.

"Kifungu cha saba," alisema. "Mtumishi atahakikiwa kwa dole gumba au kidole kingine chochote cha mtumishi huyo."

"Tumejaribu vyote," alisema fundi.

"Mmejaribu kumi. Ninavyo ishirini."

Mwenyekiti akaivuta nakala, akakisoma kifungu cha saba, akageuza ukurasa kuona kama kinaendelea. Hakikuendelea.

"Cha mguuni?" aliuliza.

"Haukusema cha wapi."

Mwenyekiti akamtazama mhasibu. Mhasibu akasema kwa kweli kidole ni kidole, kama walitaka cha mkononi tu wangeandika. Fundi akasema mashine haijui mkono wala mguu, yenyewe inajua mistari. Ila kulikuwa na tatizo: dole la mguu halimo kwenye kumbukumbu za zamani, kwa hiyo itabidi asajiliwe upya, na usajili mpya unataka afisa wa kituo athibitishe kwa sahihi yake kwamba mtu huyu ndiye. Ikigundulika siye, mfanyakazi hewa huyo atahesabiwa wa afisa.

Wote wakamgeukia afisa utumishi.

Karani naye alimtazama. Alimwona akiifunika kalamu, akaifunua, akauliza kama hawawezi kusubiri jibu la juu. Mwenyekiti akasema yeye ndiye juu. Afisa akajifuta viganja kwenye suruali. Karani alifikiria kumkumbusha yale maneno yake ya siku ya kwanza, akaona si vizuri kumshika mtu kwa maneno yake mbele ya wakubwa. Akaiweka mikono juu ya magoti.

"Namjua," alisema afisa mwishowe, si kwa kamati bali kwa fomu. Akasaini.

Karani akavua kiatu na soksi. Taa ilipowaka kijani, fundi, kwa mazoea, akasema "anayefuata".

*

Jumapili mchana mama mkwe aliweka beseni la maji ya uvuguvugu mlangoni, akamwita. Karani akasema angeweza kuosha miguu mwenyewe. Mama mkwe akamwambia mikono hiyo haishiki hata sabuni, akae. Yeye mwenyewe akaketi kwenye kigoda, akaupakata mguu wa mkwewe, akaanza kuusugua kisigino kwa jiwe.

"Mguu unaokwenda ofisini hauendi na magaga," alisema.

Mume alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe mkononi, akifuatilia jiwe lilipokwenda. Lilipofika mbele akainama. "Mama, hapo kwenye dole gumba usisugue. Ndipo penye alama." Akaelekeza kwa kidole, kama anavyowaelekeza wateja mahali pa kushika muhuri. Mama mkwe akasema anajua kazi yake. Hata hivyo aliliruka lile dole, akalipangusa kwa kitambaa laini, taratibu, akalipuliza likauke.

Karani akaanza kucheka, na kicheko kikamletea kikohozi, kile kikavu kilichokuwa kinamjia siku hizi. Wote watatu wakangoja kipite. Kilipopita, mume alikwenda ndani akamletea vidonge vya mchana na maji, ingawa saa yake ilikuwa bado.

*

Jumatatu mashine ilikuwa imeshafungwa mlangoni mwa ofisi, juu ya meza ndogo, kwa ajili ya mahudhurio ya kila siku. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu ya karani ilipofika alivua kiatu cha kulia kwa kukikanyaga kisigino, akavua soksi kwa ncha ya kiatu cha pili, kisha akatazama meza. Ilimfika kiunoni. Magoti yake yalikuwa hayakunjiki hivyo, na hata yangekunjika, alikuwa amevaa sketi.

Akaishika mashine kwa viganja viwili kuishusha sakafuni. Waya ulikuwa mfupi. Mashine ilining'inia shubiri mbili juu ya sakafu, haifiki chini, na yeye hakuweza kuishikilia hapo na kuinua mguu kwa wakati mmoja. Nyuma yake watu walianza kutazama saa zao. Dereva alikuwa wa tatu kwenye foleni, alitazama dari.

Afisa utumishi alitoka ofisini kwake kuona foleni imekwama kwa nini. Akaiona mashine inaning'inia, akamwona karani amesimama mguu mmoja uko peku. Alisimama hapo kidogo, na watu wote wakamwona amesimama. Kisha akavuta suruali magotini, kama mtu anayetaka kuokoa mkunjo wa pasi, akaona haitaokoka, akapiga magoti sakafuni. Akaichukua mashine kwa mikono miwili, akaielekeza mbele.

"Weka, mama," alisema.

Karani akashika ukuta, akainua mguu, akaweka dole. Taa ikawaka nyekundu. Afisa akaifuta mashine kwa kiwiko cha shati lake, akaisogeza karibu zaidi, akamwambia ajaribu tena. Ikawaka kijani.

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa. Karani akarudisha mguu chini, akauingiza kwenye kiatu, soksi mkononi, lakini kiatu kilikuwa cha mkanda, na mkanda ulikuwa umelegea ubavuni. Akainama kuufunga. Vidole viliupapasa, vikaukosa, vikaupapasa tena. Alikuwa anatafuta namna ya kuondoka nao hivyo hivyo ukiburutika.

Afisa utumishi alikuwa bado yuko chini. Akaichukua ile soksi mkononi mwake, akamvua kiatu, akamvisha soksi, akamvisha kiatu, akaupitisha mkanda kwenye tundu lake. Alifanya hivyo bila kutazama juu, masikio yamemwiva.

"Inabana?" aliuliza.

Karani akaujaribu mguu.

"Kidogo," alisema.

Afisa akaufungua mkanda, akaufunga upya tundu la pili.